Ngozi Hunena Yaliyo Damuni

Katika miaka ya sitini ya karne iliyopita, mjini Kingston katika kisiwa cha Jamaika, kinamama walikuwa wakiwapeleka hospitalini watoto wenye maradhi ya ngozi ambayo matabibu wa huko walikwisha kuyazoea kwa kuyaona, ila asili yake hawakuijua: mtoto wa miaka miwili au mitatu, kichwa kimejaa vigaga vinavyotoa majimaji, nyuma ya masikio pamebabuka, kope zimevimba kingoni, tundu za pua zimezibwa na ukoko huku makamasi mepesi yakimchuruzika bila kukoma, na shingoni, kwapani na kinenani, kila palipo na mkunjo, ngozi imechubuka na kulowa. Mwaka 1966 tabibu aliyeitwa Sweet aliyaeleza maradhi hayo katika jarida la Waingereza la magonjwa ya ngozi, na mwaka uliofuata mwenzake, Walshe, akayaandika kwa urefu zaidi na kuyapa nafasi yake mbali na ukurutu mwingine unaowapata watoto. Walipopangusa pua na vidonda vya watoto wale na kuotesha maabara kile walichokipata, waliwakuta bakteria wale wale, stafilokoki wa dhahabu na streptokoki wa aina inayoyeyusha chembe nyekundu za damu. Na walipowapa dawa ya kuua bakteria ngozi ilikauka na kupona kwa namna ya kustaajabisha, kisha dawa ilipokoma, baada ya muda si mrefu, maradhi yakarudi kama yalivyokuwa.

Hapo ndipo palipokuwa na mushkeli. Stafilokoki wa dhahabu si mgeni katika mwili wa binadamu. Takriban mtu mmoja katika kila watatu au wanne humchukua puani bila kujua, akala naye, akalala naye, akazeeka naye, asipate kwake zaidi ya jipu moja au mawili katika umri wake wote. Kwa nini basi bakteria huyu, anayekaa kwa amani katika pua za watoto chungu nzima, awageukie hawa wachache na kuwafanya ngozi zao kuwa jeraha moja lisilofunga? Jibu halikupatikana puani, wala halikupatikana ngozini. Lilipatikana damuni, tena baada ya takriban robo karne. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliokuwa chini ya Robert Gallo walitangaza kukiona kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana kwa wanadamu kabla ya hapo, ambacho leo huitwa HTLV-1, nacho hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, kikajiandika katika chembe zake za urithi, kisitoke tena mpaka mwenye mwili afe. Mwaka 1990 matabibu wa Jamaika na wenzao walichapisha katika jarida la The Lancet habari ya watoto wale: wote waliopimwa wenye maradhi yale ya ngozi walikuwa na kirusi hicho, na wenye pumu ya ngozi, waliochukuliwa kwa kulinganisha, hakuonekana nacho hata mmoja. Walikuwa wamekipata kwa mama zao, aghalabu kwa njia ya maziwa.

Nimeanzia Jamaika kwa makusudi, ingawa sisi wa Afrika ya Mashariki tunacho kirusi chetu kilichotuzikisha ndugu wengi, na ambacho nitakifikia, kwa sababu mkasa wa watoto wale unaonyesha bayana jambo ambalo kwetu limefunikwa na wingi wa maradhi mengine: ya kwamba kirusi kikikaa mwilini muda mrefu, hata kama hakikutani na bakteria wa ngozini, hata kama hakimgusi mmoja wao, hubadilisha nani akae, nani atawale na nani atoweke juu ya ngozi ya mwenye mwili.

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hupata eneo linalokaribia mita mbili za mraba, na juu yake, tangu saa ya kuzaliwa, huishi kaumu kubwa ya viumbe visivyoonekana kwa macho. Aliyetufundisha kuitazama ngozi kama nchi yenye wenyeji wake alikuwa mwanamke, Mary Marples, wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand, ambaye mwaka 1965 alitoa kitabu kikubwa juu ya mazingira ya ngozi ya binadamu, na ambaye kwake mkono wa mbele ulikuwa jangwa na kwapa lilikuwa msitu wa mvua, kila pahali pana hewa yake, unyevu wake, chakula chake na wakaao wake. Zama zile njia ya kuwatambua wenyeji hao ilikuwa ni kuwaotesha katika visahani vya maabara, na wengi wao hawakubali kuota humo. Lakini mwaka 2009 Elizabeth Grice, Julia Segre na wenzao wa Bethesda, Marekani, walichukua sampuli katika sehemu 20 za miili ya watu 10 wenye siha, wakazisoma chembe za urithi za bakteria moja kwa moja, na waliyoyaona yakawa ithibati ya yale aliyoyasema Marples. Penye mafuta, kama penye paji la uso na mgongoni, hutawala kutibakteria, ambao hula mafuta ya ngozi na kuyageuza kuwa asidi. Penye unyevu, kama kwapani na nyuma ya magoti, hukaa korinebakteria na stafilokoki. Na penye ukavu, kama mkononi, ndipo penye mchanganyiko wa jamaa nyingi kupita kote. Kwapa la mtu hufanana zaidi na kwapa la jirani yake kuliko linavyofanana na mkono wake mwenyewe.

Kati ya wenyeji hao yuko mmoja ambaye kwa muda mrefu hakuthaminiwa. Mwaka 1884 tabibu wa Kijerumani, Rosenbach, aliwagawa stafilokoki kwa rangi ya mafungu yao yanapoota, akawaita hawa wa dhahabu na hawa weupe; na tangu hapo wa dhahabu ndiye aliyesomwa, kwa kuwa ndiye mwenye majipu, vidonda na sumu ya damu, ilhali mweupe, ambaye hakosekani katika ngozi ya mtu yeyote, alihesabiwa kuwa ni takataka inayoingia katika vipimo kwa bahati mbaya. Leo twajua kuwa hakustahili dharau ile. Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa baadhi ya stafilokoki weupe hutoa kimeng'enya kinachovunja utando ambao ndugu yake wa dhahabu hujijengea puani, hata akashindwa kushika makao. Mwaka 2016 wenzao wa Tübingen, Ujerumani, wakamwona stafilokoki mwingine wa puani akitengeneza dawa kamili ya kuua bakteria, na watu wanaomchukua wakaonekana kumbeba yule wa dhahabu kwa nadra zaidi kuliko wengine. Na mwaka 2017 huko San Diego, Richard Gallo na wenziwe wakabainisha kuwa ngozi zenye siha zina stafilokoki wapole wenye silaha za namna hiyo, na kwamba katika ngozi zenye pumu ya ngozi wapole hao wenye silaha huwa wametoweka. Fauka ya hayo, asidi ile inayotokana na mafuta ya ngozi humfaa mweupe na humchukiza wa dhahabu, ambaye hustawi zaidi kadiri ngozi inavyopoteza ukali wake.

Basi msomaji atadhani kwamba amani ya ngozi ni masikizano ya bakteria wenyewe kwa wenyewe. Sivyo. Chini ya tabaka la juu la ngozi, na hata ndani yake, mna chembe nyeupe za damu za aina ya limfositi, nazo hazikukaa humo kusubiri vita tu. Kila siku hupokea habari za walioko juu na kuwapelekea majibu. Mwaka 2012 kundi la Yasmine Belkaid, nalo la Bethesda, lilifuga panya wasiokuwa na bakteria hata mmoja tangu kuzaliwa, likawatia vimelea vya lishmania ngozini, na panya hao wakashindwa kupambana navyo ipasavyo. Wakapakwa stafilokoki mweupe peke yake, na limfositi za ngozi zao zikaamka na kufanya kazi. Hakika jambo hili ni la kutafakariwa sana, kwamba bakteria ambaye watangulizi wetu walimwita taka ndiye anayeifunza ngozi kujilinda. Limfositi zilizofunzwa hivyo hutoa ishara ambazo wataalamu huziita intaleukini ya 17 na ya 22, na chembe za ngozi zikizipata ishara hizo hutengeneza protini ndogo ndogo za kuua bakteria, hukaza viungo vyake zisivuje, na huziita chembe nyingine za damu mahali penye hatari. Bakteria husema, damu hujibu, na jibu la damu ndilo linaloamua ni bakteria gani waendelee kusema.

Mtu akitaka kujua nini hutokea jibu hilo lisipokuja, na awatazame wale waliozaliwa nalo likiwa limekatika. Mwaka ule ule wa 1966, ambao Sweet aliandika habari za Jamaika, matabibu wa Marekani walieleza maradhi ya watoto wanaotokwa na majipu yasiyokwisha na ukurutu wa daima, wakayapa jina la Ayubu, yule mja wa Mungu aliyepigwa kwa majipu tangu utosini hadi nyayoni. Mwaka 2007 ikajulikana kuwa wengi wao wana hitilafu katika chembe moja ya urithi, na mwaka 2008 ikabainika kuwa hitilafu hiyo inawanyima zile limfositi zinazotoa intaleukini ya 17. Hawakukosa damu nyeupe kwa jumla. Walikosa tabaka moja tu la limfositi, na ukosefu huo peke yake ukatosha kumkabidhi stafilokoki wa dhahabu ngozi zao.

Sasa na turudi kwa virusi. HTLV-1 na VVU, kirusi cha UKIMWI, ni retrovirusi viwili vinavyofanana kwa tabia: vyote viwili huingia hasa katika limfositi zile zile zenye alama ya CD4, ambazo ndizo zinazoongoza nyingine, na vyote viwili hujiandika humo visifutike. Lakini kazi vinazozifanya humo ni kinyume kabisa. HTLV-1 huiacha chembe hai, tena huisukuma ijigawe na kuongezeka, hata katika wachache ikafikia kuwa saratani ya damu baada ya miongo mingi. VVU huzimaliza, kutoka mia tano au elfu moja katika kila tone dogo mno la damu hadi mia mbili, hadi hamsini, hadi zisihesabike. Kimoja hujaza nyumba fujo, kingine huifanya tupu, na juu ya ngozi matokeo yakawa ni jamaa: ishara hazifiki, au zinafika zikiwa si zenyewe, ngozi hukauka na kupasuka, na stafilokoki wa dhahabu, aliyekuwa mpangaji mtulivu wa puani, huteremka. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Lau kirusi kimoja tu kingekuwa na taathira hiyo tungeweza kuiita sumu yake ya pekee. Lakini viwili vyenye njia za kupingana vinapofikia mlango mmoja, twalazimika kukiri kuwa mlango huo ndio wenye maana, na mlango huo ni limfositi yenye CD4.

Waganga wetu walilijua hilo kwa macho kabla halijajulikana kwa maabara. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka michache iliyofuata, vipimo vya damu vilikuwa adimu kama mvua ya kaskazi, na zahanati nyingi hazikuwa na chochote zaidi ya kitanda, mizani na kipimajoto. Mwezi Oktoba mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Bangui, Afrika ya Kati, kuweka kanuni ya kuutambua ugonjwa huo kwa dalili peke yake, na mtu akiisoma kanuni ile leo ataona jinsi ngozi ilivyopewa nafasi ya shahidi. Pamoja na kukonda, kuharisha na homa za muda mrefu, ziliorodheshwa muwasho na upele wa mwili mzima, mkanda wa jeshi unaojirudia, na malengelenge ya hapesi yanayoenea yasipone. Na uvimbe wa Kaposi uliotapakaa mwilini ukahesabiwa kuwa unatosha kwa nafsi yake. Tabibu msaidizi wa Bukoba au Rakai aliyekuwa hana darubini aliitwa aisome ngozi, naye akaisoma.

Upele ule wa muwasho unahitaji kusemwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ambayo hayapatikani kwingine. Ni vipele vigumu, vyeusi baada ya kupona, hasa mikononi na miguuni, vinavyowasha usiku na mchana hata mtu akajichuna kwa kucha, na watu wa vijijini walivijua kama alama, wakawaepuka waliokuwa navyo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa vyatokana na kirusi chenyewe au na dawa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda, ambamo vipande vidogo vya ngozi vya wagonjwa 102 vilitazamwa kwa darubini, na katika 86 kati yao kilichoonekana ni sura ya ngozi iliyoumwa na mdudu. Mbu, au mdudu mwingine wa namna hiyo, yule anayetuuma sote na kutuachia kijipele cha saa moja, kwa mwenye CD4 chache alikuwa akiacha uvimbe wa majuma. Na kadiri CD4 zilivyopungua ndivyo upele ulivyozidi ukali. Mwili uliopoteza kiongozi wake haukuwa umenyamaza kama tulivyodhani. Katika mambo mengine ulinyamaza, katika mengine ulipiga kelele pasipo sababu, na mtu akijikuna kwa kelele hizo huifungua ngozi kwa kucha zake, na stafilokoki wa dhahabu yuko hapo chini ya kucha, akingoja.

Ndiyo maana wenye VVU wasiotibiwa huonekana kumbeba bakteria huyo puani na mwilini kwa wingi kuliko wengine, na huandamwa na majipu, usaha wa vinyweleo na vidonda visivyokauka. Na ndiyo maana kuvu wa malasezia, jirani wa bakteria anayekaa penye mafuta na ambaye kwa watu wengi hana zaidi ya kuleta mba kidogo kichwani, kwao huleta magamba ya mafuta kwenye nyusi, pembeni mwa pua na kifuani. Si kwamba wameambukizwa kitu kipya. Wengi wa hao waliokuwa wakiwaumiza walikuwa wakiishi nao tangu utotoni.

Hapa pana jambo la kustaajabisha katika historia ya dawa, nami sijaona likitajwa mara nyingi. Watoto wa Jamaika walitulia kwa kidonge cha bei ndogo chenye dawa mbili ndani yake, kotrimoksazoli, ambayo watu wa huku wameizoea kwa jina la septrini, wakiimeza kwa miezi na hata miaka ili ngozi isirudie hali yake. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani na lile la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI yalipendekeza kidonge hicho hicho kimezwe kila siku na Waafrika wanaoishi na VVU walio katika hatari, kuwakinga na nimonia na maambukizo mengine. Na mwaka 2014 matokeo ya utafiti wa watoto wa Uganda na Zimbabwe, waliokwisha kuanza dawa za kufubaza virusi, yalionyesha kuwa walioachishwa septrini walilazwa hospitalini zaidi kuliko walioendelea nayo. Virusi viwili, mabara mawili, kidonge kimoja, nacho hakigusi kirusi chochote kati ya hivyo viwili. Kinafanya kazi ya kuwazuia bakteria, ile ambayo damu imeshindwa kuifanya. Wala hakifanyi hivyo bure, kwa maana dawa ya kuua bakteria inayomezwa kila siku huwapa nafasi wale wanaoivumilia, na matabibu wamewaona stafilokoki walioizoea wakiongezeka kwa watu hao; kwa hiyo kidonge ni mkongojo, na mguu wenyewe ni limfositi.

Kuhusu mguu wenyewe, habari njema ni za upande mmoja. Tangu mwaka 2004, Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, waliowahi kuziona wodi za miaka ya tisini wanajua jinsi sura za watu zilivyobadilika: upele hupungua, mba mbaya huondoka, majipu huacha kufuatana. Miezi ya mwanzo aghalabu ina vituko vyake, kwa kuwa chembe zinazorudi kwa wingi huwakuta walioko ngozini na kuwaka kwa ghafula, na mgonjwa asiyeambiwa mapema hudhani kuwa dawa imemdhuru, akaiacha. Mshauri wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya wenye VVU, anayempa dawa mgonjwa wake bila kumwonya juu ya hilo amemnyima nusu ya tiba. Kwa HTLV-1 hakuna dawa ya namna hiyo. Ngozi za watoto wengi wa Jamaika, na za wenzao wa Bahia kule Brazili ambako maradhi hayo yamefuatiliwa kwa uangalifu mkubwa, hutulia wanapokaribia ujana, lakini kirusi hubaki, na baadhi yao huja kupatwa na udhaifu wa miguu au na ile saratani ya damu. Kinga iliyoonekana kufaa imekuwa kwa mama. Huko Nagasaki, Japani, tangu mwaka 1987 kinamama wajawazito hupimwa, na walio na kirusi hushauriwa kuwalea watoto kwa maziwa mengine. Uambukizo uliokuwa ukimpata mtoto mmoja katika kila watano ukashuka hadi asilimia mbili na nusu hivi. Ni ushauri unaowezekana penye maji safi na fedha ya kununua maziwa ya kopo, na penye dhiki ya vyote viwili mtoto aweza kufa kwa kuhara kabla hajaufikia umri wa kuugua ngozi.

Ninalotaka kulisema kwa nguvu zangu zote ni mintarafu ya fedheha. Katika miji na vijiji vyetu, ngozi yenye vipele na usaha husomwa kama habari ya uchafu: huyu haogi, huyu nyumba yake ni chafu, huyu asishike mtoto. Mwenye ngozi huamini hukumu hiyo, akajitia kusugua. Hununua sabuni ya dawa, akaongeza ya pili iliyo kali zaidi, akajisugua kwa jiwe na dodoki asubuhi na jioni, akijiondolea mafuta, akiiondoa asidi, akiwafukuza stafilokoki weupe ambao ndio waliokuwa wamebaki upande wake, na kuliacha shamba tupu kwa yule mmoja asiyefukuzika. Mwezi Septemba mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viungo 19 vya kuua vijidudu katika sabuni za kuogea za kawaida, triklosani kikiwa kimojawapo, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kuwa vinapita sabuni ya kawaida na maji kwa faida, wala kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku. Na hapo ni kwa mtu mwenye afya. Seuze mwenye ngozi iliyokwisha kukauka kwa maradhi! Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kusuguliwa. Ahitaji maji ya vuguvugu, sabuni nyepesi, mafuta mazito ya kujipaka angali na unyevu wa kuoga, na watu wa kumkaribia.

Ahitaji pia mtu wa kumwuliza swali lililo sahihi, na hapo ndipo panapovunjika mambo. Anayewashwa huanzia dukani. Muuza dawa, aghalabu kwa nia njema, humpa tyubu ya mchanganyiko, steroidi kali pamoja na dawa ya kuvu na ya bakteria, naye hupata nafuu ya wiki moja au mbili, kwa maana steroidi hutuliza uvimbe wowote ule. Kisha ngozi, iliyonyimwa na kile kidogo cha ulinzi kilichosalia, hurudi vibaya kuliko mwanzo, akanunua tyubu nyingine. Miezi hupita hivyo, na miaka, huku zile CD4 zikiendelea kupungua, na hakuna aliyemwambia akapime. Mabingwa wa ngozi katika nchi zetu ni wachache mno kwa wingi wa watu, na kwa sababu hiyo mwaka 1992 kilianzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho tangu hapo kimewafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, wakarejea wilayani mwao wakijua kuusoma upele kwa macho na kuufuata mpaka damuni. Lakini wagonjwa wengi hawafiki kwao, ila hufika kwa yule aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Kipimo cha VVU katika vituo vya serikali hakilipiwi, na jibu lake hupatikana kwa dakika chache. Mteja anayerudi kwa tyubu ya tatu astahili kuulizwa faraghani, kwa sauti ya chini na bila kumkunjia uso, kama amewahi kukifanya.